Mlima Unaopandwa Ukumbini



Wasomaji wetu watukufu, juma hili nimeletewa swali na mama mmoja wa hapa Mombasa. Ndani yake mna mambo yanayopita katika nyumba zetu nyingi: maradhi, haya ya mtu juu ya mwili wake, mashindano ya mitandaoni, na heshima mbele ya jamaa. Kwa hivyo nimeipa barua hiyo safu nzima. Jina la mwenyewe nimelisitiri, na maneno yake nimeyafupisha.

Asema hivi: "Sheikh wetu, sisi ni wanawake wanane wa ukoo mmoja. Watatu tuko Mombasa, wawili Lamu, wawili Muscat na mmoja London. Tumeahidiana kupanda baiskeli kila mtu nyumbani kwake kwa wiki nne, kisha tujumlishe kilomita zetu hadi zitimie urefu wa njia ya mbio za wanawake za Ufaransa za mwaka 2024, zilizoishia mlimani Alpe d'Huez. Kila usiku wifi yangu aliye Muscat hukusanya hesabu na kuziweka katika kundi letu la WhatsApp. Mimi daktari ameniambia kuwa sukari yangu imo njiani kupanda, na mwili umekuwa mzito tangu uzazi wa mwisho. Wiki mbili zimekwisha na nimepata kilomita 31, ilhali wenzangu wote wamepita 60. Juzi wifi aliandika kwa mzaha kwamba kuna mtu anawavuta wenziwe nyuma. Mwanangu wa kiume ana miaka 14, na kilomita zangu zilizobaki aweza kuzimaliza kwa siku chache tu. Je, nikimwacha apande yeye, nami nikaziandika kwa jina langu, nitakuwa na makosa? Au nijitoe kabisa? Na shemeji yangu asema jambo lenyewe halimpasi mwanamke wa Kiislamu tangu mwanzo."

Mama yetu, kanuni ya wanachuoni ni kwamba jambo halihukumiwi kabla ya kujulikana sura yake. Basi na tuanze kwa kuujua mlima huo na namna unavyopandwa na mtu aliyekaa nyumbani kwake, kisha tuje kwenye maswali yako moja baada ya jingine.

Alpe d'Huez ni kijiji cha milimani upande wa kusini-mashariki wa Ufaransa, juu ya mji mdogo wa Bourg-d'Oisans. Barabara ya kukifikia ina urefu wa kilomita 13.8 na kona 21. Mwinuko wake ni asilimia 8.1 kwa wastani, maana yake kila ukienda mita mia moja mbele umepanda mita nane juu. Mpaka kufika kijijini mtu huwa amepanda mita 1,100 na ushei. Sisi watu wa pwani tumezoea barabara tambarare. Hata Milima ya Shimba kule Kwale haifiki nusu ya kimo hicho. Mbio za Tour de France zilimalizikia huko kwa mara ya kwanza mwaka 1952, na mshindi wa siku ile alikuwa Fausto Coppi wa Italia. Kona zake zimepewa namba kwa kurudi nyuma: ya 21 iko chini mlimani na ya kwanza iko juu, ili mpandaji ajue daima ni ngapi zimembakia.

Sasa, mlima wa Ufaransa huingiaje katika ukumbi wa nyumba ya Mombasa au Muscat? Njia ziko mbili. Ya kwanza ni ya gharama. Baiskeli ya kawaida hufungwa gurudumu la nyuma katika chombo kinachozungumza na kompyuta au simu. Kwenye kioo mtu huona barabara na umbo lake mwenyewe likiendesha baiskeli, na kila barabara inapoinuka chombo kile huikaza pedali, miguu ikahisi mlima. Programu hupima nguvu ya miguu kwa wati, ikaigawanya kwa uzito wa mwili ulioandikwa, na kutoka hapo ikatoa mwendo. Zwift, ambayo ni mojawapo ya programu hizo, ina mlima ulioigizwa kutokana na Alpe d'Huez, wenye kona 21 vilevile na urefu wa kilomita 12.2. Watu walio katika nchi mbalimbali huweza kupanda pamoja saa moja, na anayejificha nyuma ya mwenzake hupunguziwa kazi kama vile mwenzake anamkinga upepo wa kweli.

Njia ya pili ni hiyo mliyoichagua ninyi. Mtu hupanda baiskeli ya mazoezi ya aina yoyote, husoma kilomita kwenye kioo chake kidogo, na kundi likajumlisha hesabu kwenye ramani. Hapo hakuna mwinuko wa kuhisiwa, ila umbali ni wa kweli na jasho ni la kweli.

Mambo haya yalishika kasi mwaka 2020, wakati maradhi ya korona yalipowafungia watu majumbani. Mbio za Tour de France ziliahirishwa mpaka mwisho wa Agosti, na mahali pake, kuanzia tarehe 4 hadi 19 Julai, yakafanywa mashindano ya mtandaoni ya hatua sita kwa majuma matatu. Mojawapo ya hatua hizo ilikuwa juu ya mlima Mont Ventoux. Wanawake na wanaume walipewa hatua zilezile. Hilo lilikuwa jambo kubwa, kwa sababu katika barabara za kweli wanawake hawakuwa na Tour yao ya hatua nyingi wakati huo. Iliyoanzishwa mwaka 1984 chini ya jina hilo ilidumu mpaka 1989 tu. Mwaka 2022 Tour ya wanawake ikarudi, na mfadhili wake mkuu akawa ni ile ile kampuni ya Zwift.

Baada ya kuijua sura hiyo, natumai jibu la shemeji litakuwa jepesi. Mwanamke kuutunza mwili wake kwa mazoezi si jambo la kuazimwa kwa wageni. Abu Daud amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bibi Aisha (r.a.) safarini, Bibi Aisha akamshinda. Baadaye, mwili wake ulipokuwa umenenepa, walishindana tena na Mtume akamshinda, akamwambia kwa upole kuwa hii imelipa ile. Katika mapokezi mengine imekuja kwamba aliwaamuru watu watangulie mbele kwanza, wakabaki wao wawili. Zingatieni, ndugu zangu, mambo mawili hapo: kwamba sitara ilitafutwa, na kwamba uzito wa mwili haukufanywa kuwa sababu ya kumfungia mtu nje ya mchezo.

Na baiskeli iliyo ukumbini inaitimiza sitara hiyo kuliko barabara zetu zenye tuktuk na bodaboda, ambako hata njia ya miguu ni ya kubahatisha. Yapo ya kuchunga, nayo ni machache. Picha za mwanamke akiwa katika nguo za mazoezi zisipelekwe kundini, hata kama kundi ni la wanawake watupu, kwani simu huazimwa na picha hutembea. Namba ya kwenye kioo cha baiskeli yatosha kuwa ushahidi. Adhana ikisikika, pedali zisimame. Na pesa zisichangwe na washindani ili achukue mmoja, maana hiyo ni kamari hata ikifanywa baina ya mawifi. Mkiyachunga hayo, sioni alipopasimamia shemeji.

Nalijia sasa swali lako zito, la mwanao.

Mama yangu, usifanye. Na sikwambii hivyo kwa ukali, kwani naelewa aibu inavyoweza kumsukuma mtu. Wala si wewe wa kwanza kujiwa na fikra hiyo. Katika mashindano haya ya mtandaoni wako wanaoandika uzito mdogo kuliko walio nao, ili programu iwadhanie wepesi na kuwapandisha mlima upesi. Mwaka 2019 Uingereza ilifanya ubingwa wake wa kwanza wa taifa wa mbio za namna hii. Mwanamume aliyeshinda akavuliwa taji, akafungiwa miezi sita na kutozwa faini ya pauni 250, baada ya kubainika kuwa baiskeli ya mchezoni aliyoitumia aliipata kwa kuiachia kompyuta imwendeshee kilomita ambazo yeye hakuziendesha. Miguu alikuwa nayo, na mbio zenyewe alizikimbia. Lililomwangusha ni zile kilomita za uongo.

Tazama na madhara yake kwako. Yule alikuwa akitafuta taji, lakini wewe daktari hakukuagiza taji. Amekuagiza jasho. Kilomita atakazopanda mwanao zitaishusha sukari ya nani? Zitaingia katika daftari la wifi zikapendeza, na damu yako itabaki palepale ilipokuwa. Kisha mtoto wa miaka 14 atakuwa amefundishwa na mama yake kwamba hesabu ikikulemea, unaandika ya mwenzio. Somo hilo atalichukua katika mtihani, na kesho dukani na kazini. Ikiwa apenda baiskeli, na apande kwa jina lake. Au na akae kando yako akushikie saa, huo nao ni wema kwa mzazi.

Umeuliza tena: nijitoe? Hapa nakuomba unisikilize visa viwili vilivyotokea katika mlima huohuo mnaoupanda.

Tarehe 18 Julai 2013 wapandaji wa Tour de France waliupanda Alpe d'Huez mara mbili kwa siku moja. Aliyekuwa akiongoza mashindano yote ni Chris Froome, ambaye alizaliwa Nairobi mwaka 1985, akalelewa katika baiskeli na Mkenya David Kinjah pale Kikuyu, na mwaka 2006 akaivalia Kenya rangi zake katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Melbourne, kabla ya kuhamia upande wa Uingereza mwaka 2008. Siku hiyo, zikiwa zimebaki kilomita chache kufika juu, nguvu zilimwisha ghafla. Sukari mwilini ilikuwa imekauka. Aliinua mkono kuomba msaada, na mwenzake wa timu, Richie Porte wa Australia, akaliendea gari lao, akachukua chakula na kumletea. Kanuni zinakataza kupokea chakula katika kilomita za mwisho, hivyo wote wawili waliongezewa sekunde 20 za adhabu. Froome alifika, na siku tatu baadaye akalishinda taji lake la kwanza la Tour de France. Kiongozi wa mbio zote aliinua mkono mbele ya kamera za dunia nzima akasema, kwa ishara, sina nguvu. Wewe unaona haya kuwaambia mawifi saba?

Kisa cha pili ni cha mbio hizohizo mlizozichagua. Tour ya wanawake ya 2024 iliondoka Rotterdam, Uholanzi, tarehe 12 Agosti na kumalizikia Alpe d'Huez tarehe 18, hatua nane kwa siku saba. Demi Vollering wa Uholanzi, bingwa wa mwaka uliotangulia, ndiye aliyekuwa akiongoza. Katika hatua ya tano akaanguka karibu na mwisho, akapoteza zaidi ya dakika moja. Siku hiyohiyo mwenzake wa timu alishinda hatua, na wengi walihoji kwa nini wenzake hawakurudi kumngoja na kumvuta. Hatua ya mwisho Vollering alipanda Alpe d'Huez kwa nguvu zake zote akawa wa kwanza kufika juu, lakini taji likaenda kwa Kasia Niewiadoma wa Poland kwa tofauti ya sekunde nne. Haijapata kutokea tofauti ndogo kama hiyo katika historia ya Tour, ya wanaume wala ya wanawake. Sekunde nne, mama, ni muda wa kuvuta pumzi moja na kuishusha.

Visa hivi viwili nawaelekezea zaidi wenzako kuliko wewe. Kundi likiwa na mmoja aliye nyuma, hilo ndilo jambo la kwanza kundi liliundiwa. Ungekuwa huna haja ya wenzako, ungepanda peke yako.

Sasa tuchukue kalamu tuhesabu. Njia ile ni kilomita 950 hivi. Mkigawanya kwa wanane, kila mmoja fungu lake ni kilomita 119, yaani nne na robo kwa siku kwa wiki nne. Wenzako saba wamepita 60 kila mmoja, nawe una 31, kwa hivyo kundi limevuka kilomita 450, na nusu ya njia ni 475. Hamko mbali na mlipotakiwa kuwa. Hata ukiendelea kwa mwendo wako huohuo mpaka mwisho, na wao kwa mwendo wao, mtapungukiwa na kilomita 48 au chini ya hapo. Wenzako saba wakiongeza nusu kilomita kwa siku kila mmoja, kwa siku 14 zilizobaki zitapatikana kilomita 49. Pengo limezibika. Ni dakika mbili au tatu za pedali kwa siku ndizo zilizokuwa zikitaka kukutia katika uongo.

Basi waandikie. Usieleze mengi. Waambie hali ya sukari yako, na kwamba hesabu yako ni ndogo lakini ni ya miguu yako, na kwamba wiki mbili zijazo utaleta dakika kabla ya kilomita. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Hizo ni dakika 22 kwa siku. Ukizipanda kwa mwendo ambao bado waweza kusema na mtu, umefanya alilotaka daktari, ziwe zimetoka kilomita tatu au sita. Nalo kundi naliomba liwe na safu mbili katika daftari lake, ya kilomita na ya dakika. Kwenye safu ya pili huenda aliye nyuma akaonekana yuko mbele.

Kwa wifi wa Muscat, ambaye bila shaka atalisoma jarida hili kwa simu: kazi ya kukusanya hesabu kila usiku ni ya thawabu, na mzaha baina ya mawifi ni mila yetu. Ila mzaha unaoandikwa husomwa bila tabasamu la msemaji, na aliye mgonjwa huusoma mara kumi kabla ya kulala. Neno moja la faragha la kumuuliza hali lingekufunulia yote haya.

Kwa waume, nina machache. Mke aliyeambiwa na daktari kuwa sukari inapanda hahitaji kuulizwa baiskeli ni ya nini. Anahitaji dakika 22 ambazo mtoto hamlilii, chungu hakimwiti na mgeni habishi hodi. Dakika hizo ni zako kumpa, na hazina gharama.

Na kwa kila mama anayetaka kuanza, achunge afya yake. Amwone daktari kwanza, hasa ikiwa anatumia dawa za sukari au za presha, kwani mazoezi pamoja na dawa yanaweza kuishusha sukari kupita kiasi. Akae na tende au kinywaji chenye sukari karibu. Akihisi kutetemeka, jasho jembamba au kizunguzungu, asimame na ale. Akihisi maumivu ya kifua, asimame na atafute msaada mara moja. Mliona kwamba hata Froome alikauka.

Mama yetu, bado kilomita 13.8 za mwisho, zile za mlimani, ambazo naamini mtataka kuzipanda siku moja na saa moja, Lamu, Mombasa, Muscat na London. Mchague saa isiyogongana na swala ya upande wowote. Namna mlima ule ulivyohesabiwa, anayeanza huiona namba kubwa kuliko zote, ishirini na moja, ikiwa mbele ya macho yake, nayo hupungua moja moja. Ukifika ya kumi ukachoka, shuka unywe maji, uwaambie kuwa umeshuka, kisha panda tena. Watakaokuwa wamefika juu na wakungoje.

Mungu akuponye na akupe nguvu, na awaunganishe jamaa zako katika kheri. Wabillahi tawfiq.